Kisanduku Alichokiruka Daktari wa Farasi

Daktari wa farasi hakuwahi kuacha kisanduku kitupu. Naanza hapo kwa sababu uchungu wote uko hapo. Kila farasi wa mbio ana pasipoti yake, kijitabu chenye michoro ya farasi asiye na rangi, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, mbele na nyuma, na kazi ya Daktari ilikuwa kuchora juu yake alama za farasi aliyesimama mbele yetu. Weupe wa usoni au wa miguuni aliuchora kwa kalamu nyekundu. Mahali manyoya yanapojizungusha aliweka msalaba mdogo kwa kalamu nyeusi. Pembeni kuna visanduku vya maelezo, kimoja kwa kila mguu. Mguu usipokuwa na alama, madaktari wengine walikiacha kisanduku hivyo hivyo na kugonga muhuri. Yeye aliandika kwamba hakuna. Miguu minne bila alama, basi ataandika mara nne.

"Kisanduku kitupu ni mlango usio na komeo," aliniambia wiki yetu ya kwanza. "Leo unauacha wewe, kesho anaingia mtu usiyemjua na kuandika anachotaka."

Daktari huyo huyo ndiye aliyekiruka kisanduku kimoja maishani mwake, na kwa ajili ya kisanduku hicho kijiji chake kilipoteza baraza lake, na mama mmoja mzee akabebeshwa lawama isiyo yake. Mkono uliobonyeza ulikuwa wangu.

Mimi nilikuwa dereva. Misimu minane nilimwendesha kutoka zahanati ya farasi kule Al Rayyan, pembeni mwa Doha, hadi kwenye mazizi ya Muaither na mashamba ya Umm Salal, katika pikapu nyeupe iliyonuka dawa na majani makavu. Alikuwa anakuja jua likianza kupoa na mbio zikianza, na joto likirudi anaondoka kwenda kwao Hungaria kulima vitunguu na kugombana na watu. Zaidi ya misimu hiyo simjui. Sijui alizaliwa mwaka gani wala alisomea wapi, na sikuuliza. Mtu ukikaa naye garini kiasi kile unamjua kwa njia nyingine, kwa jinsi anavyofunga mlango na anavyonyamaza.

Alikuwa anafunga mlango polepole, kama kuna mtoto amelala kiti cha nyuma. Hakuinua sauti karibu na mnyama hata siku moja. Akiletewa farasi mkali alisimama tu, mikono chini, akimpumulia puani mpaka mnyama naye apumue taratibu. Kisha alianza kumnong'oneza. Wasswa, Mganda aliyekuwa mlinzi wa geti la zahanati na tuliyeishi naye chumba kimoja Muaither, alishindwa kabisa kulielewa jambo hilo.

"Mzee yako huyu," aliniambia, "na farasi anaongea saa nzima. Mimi namsalimia, ananipa kichwa tu hivi."

Ilikuwa kweli. Kwa watu alikuwa mkavu. Ilinichukua msimu mzima kugundua kwamba alikuwa na lugha za kazi tofauti. Alihesabu kwa Kihungaria, alitukana kwa Kihungaria, alifanya kazi kwa Kiingereza, lakini kumtuliza farasi alitumia Kijerumani, tena si kile cha vitabuni. Mkufunzi mmoja kutoka Ujerumani alipomsikia alicheka, akasema hajasikia mtu akizungumza hivyo tangu bibi yake azikwe. Daktari hakucheka. Nilimhurumia, maana nami nilikuwa nachekwa hivyo hivyo. Mimi ni Mnubi wa Kibra, na Kinubi chetu ni mtoto wa Kiarabu, basi nilifika Doha nikidhani mambo yatakuwa rahisi. Kila nilipofungua mdomo, wenye mazizi walishikana mabega kwa kicheko. Mmoja alisema nazungumza kama babu aliyepotea njia akirudi kutoka vitani. Hakujua alivyokuwa karibu na ukweli.

Kiswahili alinitaka nimfundishe mwenyewe, na alikipenda kwa namna yake. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa hakuna. Katika daftari lake la mfukoni, ambalo lilikuwa lake na halikuhusu ofisi, aliacha kuandika kwa Kiingereza akawa anaandika HAKUNA, kwa herufi kubwa, mguu wa kushoto mbele HAKUNA, mguu wa kulia nyuma HAKUNA. Akishaandika alipuliza wino ili usichafuke, hata kama kalamu ile haikuwa ya wino wa kuchafuka. Maneno yake mengine nayaandika hapa yakiwa yamenyooka. Ukweli ni kwamba tulizungumza mchanganyiko wa Kiingereza, Kiarabu cha zizini na Kiswahili nilichompa, na tulielewana vizuri kuliko watu wengi wenye lugha moja.

Chakula chake cha mchana kilikuwa mkate, kitunguu kibichi na chumvi. Alimega kitunguu kwa kisu kile kile alichokatia kamba, baada ya kukifuta kwenye suruali. Saa kumi lazima tupite kwenye kibanda cha karak, nipige honi mara moja, tuletewe vikombe viwili dirishani. Chai ile tamu aliisema vibaya kila siku na kila siku aliimaliza. Hakuamini kompyuta wala simu mpya. Hakuamini serikali yoyote, lakini sheria aliiamini, na hizi si kitu kimoja, alisema. Serikali ni watu, na watu hubadilika kama upepo. Sheria ikishaandikwa unaweza kumwekea mtu kidole juu yake ukamwambia soma hapa.

Huyu mtu, nimemwona akiingia peke yake kwenye chumba cha dume lililomvunja mtunzaji mbavu. Lakini bahasha ilimtetemesha. Bahasha yenye muhuri wa serikali, ya nchi yoyote ile, hata barua ya manispaa kuhusu takataka, aliiweka mezani akaizunguka kama nyoka. Mandub wa zahanati, yaani yule jamaa wa kufuatilia vibali na karatasi zetu, alipokuja kuchukua pasipoti yake ili akafanyiwe ikama, kibali cha kuishi nchini, alimwuliza jina lake litaandikwa wapi, nani ataisoma orodha, na orodha itawekwa kabati gani. Mandub aliniangalia mimi.

Jibu nilipata kwenye kibanda cha karak, siku niliyomwambia kuhusu kitambulisho changu. Kwetu, Mkenya wa kawaida akitimiza miaka kumi na minane huenda akaandikishwa, yameisha. Sisi Wanubi tulikuwa tunapelekwa mbele ya kamati ya wazee. Uje na karatasi za baba, uje na za babu ambaye Mwingereza alimtoa Sudan kuwa askari wake, kisha mzee mmoja asimame aseme, namjua huyu, ni wetu. Asiposimama mtu, unarudi nyumbani huna nchi. Nilimweleza kwa mzaha, kama tunavyoeleza Wanubi mambo yanayotuuma. Daktari aliweka kikombe kwenye dashibodi.

"Kwenu walikuwa wanataka orodha ya kuwaingiza," alisema. "Kwetu ilikuwa ya kututoa."

Ndipo aliponiambia kwamba yeye si Mhungaria hasa. Kijiji chao ni cha Wajerumani ambao mababu zao walihamia Hungaria zamani sana, kulima. Kabla ya vita vikuu kwisha ilikuja sensa, karani akauliza kila nyumba: lugha yenu ipi, taifa lenu lipi? Babu yake alikuwa mtu wa kusema kweli. Aliandika Kijerumani, akaandika Mjerumani. Vita viliisha, Ujerumani ikashindwa, na ile orodha ya sensa ikatolewa kabatini. Waliojiandika hivyo walipandishwa treni, sanduku moja kila mtu, na nyumba zao wakapewa wengine. Babu alikwenda na hakurudi. Jirani yake, ambaye hata usingizini alizungumza Kijerumani, alikuwa ameandika Mhungaria, na alibaki na nyumba yake na zabibu zake.

"Kwa hiyo kwetu mtoto anafundishwa mapema," Daktari alisema. "Zungumza lolote nyumbani. Ila usiandike."

Mtu aliyelelewa hivyo ungetegemea anyamaze maisha yake yote. Yeye alifanya kinyume. Utawala wa zamani ulipoanguka, Hungaria ilitunga sheria ya kuyalinda makabila madogo, kumi na matatu kwa hesabu yao, na kuruhusu kila moja lichague baraza lake dogo pale linapoishi, likajitawale katika mambo yake ya lugha na mila. Daktari ndiye aliyegonga milango ya kijiji kizima mpaka baraza likapatikana, na ndiye alikuwa mwenyekiti wa kwanza. Nilitaraji anieleze jumba na bendera. Kumbe lilikuwa watu wachache na chumba kimoja katika shule ya zamani, chumba chenye jiko la kuni na kabati la nguo za mabibi. Baraza liliweka kibao cha jina la kijiji kwa lugha mbili. Lilitunza makaburi. Lilikuwa na kwaya, na mwalimu wa kuwafundisha watoto wa chekechea Kijerumani mara mbili kwa wiki. Na nguvu yake kubwa, alisema akiinua kidole chenye harufu ya kitunguu, ni kwamba mambo ya chekechea ile hayakuweza kuamuliwa na mtu yeyote bila baraza kuulizwa kwanza.

"Kuulizwa tu?" nilimwambia.

"Dereva, wewe umewahi kuulizwa?"

Nilipiga honi kuomba chai nyingine. Wasswa nilipomsimulia jioni alishangaa watu wanavyojisumbua. "Sisi Uganda katiba imeandika kabila zote, moja moja. Hata nyinyi Wanubi mumo. Kuja tu kwetu, ssebo, utakuwa na nchi." Alinitania hivyo miaka yote, na sikumwambia kwamba niliwahi kulifikiria.

Katika kijiji cha Daktari kulikuwa na mama mmoja, mjane wa mwokaji mikate, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyemwekea Daktari ufunguo na barua zake alipokuwa Doha. Namjua kwa sauti tu, kwa sababu Daktari alimpigia kila Alhamisi tukiwa garini, spika ikiwa wazi, naye mama alipiga kelele kwenye simu kana kwamba anataka sauti ifike bila waya. Alipokuwa mtoto aliiona treni ile. Kijiji kizima kilijua anaogopa orodha, maana alisema waziwazi, kanisani, dukani, kwenye mazishi, kwamba aandikaye jina lake analichimbia kaburi. Hata kwaya aliimba lakini kwenye karatasi ya wanakwaya jina lake halikuwemo. Watu walimpenda na walimcheka.

Kisha ukaja mwaka wa sensa yao. Ilikuwa inasemwa kwamba sheria inaandikwa upya, na kwamba siku zijazo uchaguzi wa baraza utaitishwa tu pale ambapo sensa itaonyesha watu wa kutosha waliojiandika kuwa wa kabila hilo. Kijiji kilikuwa kimepungua. Vijana walikuwa wamekwenda mijini, wengine Ujerumani yenyewe, safari hii kwa hiari. Daktari alikaa majira yote ya joto akitembea nyumba kwa nyumba. Aliwaambia safari hii hesabu haina majina. Swali la kabila si lazima, sheria inakuruhusu uliache, na ndiyo maana ni lako, hakuna anayekushika mkono. Andika. Kwa mjane alikwenda mara tano. Aliporudi Doha alikuwa amekonda, na alikuwa amehesabu kichwa kwa kichwa akajua watatosha, lakini bila hata mmoja wa kuacha.

Fomu yake mwenyewe ilikuwa bado. Ingejazwa kwenye kompyuta, kwa namba ya siri iliyoletwa nyumbani kwake. Alhamisi ile mjane alimsomea namba hiyo kwa simu, tarakimu moja moja, kisha akasema maneno marefu kwa sauti ya chini, mara yake ya kwanza kuzungumza chini. Daktari alinitafsiria akitabasamu mpaka masikioni.

"Anasema ameandika. Juzi. Anasema aliharibu karatasi moja, akaomba nyingine, akaandika."

Siku tatu baadaye tuliketi katika ofisi ya zahanati, baada ya chakula cha mchana. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta kwa sababu jike moja la Umm Salal lilikuwa limembana ukutani, ndiyo maana mimi ndiye niliyeshika kipanya. Yeye alisimama nyuma yangu akisoma maswali kwa Kihungaria na kunieleza nibonyeze wapi. Nyumba ina vyumba vingapi, maji ya bomba, ndiyo, umesoma hadi wapi, chuo kikuu. Alikuwa mchangamfu. Akanifanyia mzaha kwamba farasi aliyemchora mwisho alikuwa na karatasi nyingi kuliko yeye.

Tukafika kwenye swali la kabila. Niliona orodha ndefu yenye visanduku vidogo kushoto, na nilijua ndilo lenyewe kwa sababu aliacha kunisomea. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Niligeuka nikamwona anaiangalia skrini kama anavyoangalia bahasha.

"Ruka," alisema.

"Daktari?"

"Si lazima. Sheria inaniruhusu. Ruka, bonyeza mbele."

Ningeweza kumwambia ngoja kidogo. Ningeweza kumwambia tunywe karak kwanza. Lakini nilimwelewa, hilo ndilo kosa langu, nilimwelewa haraka mno. Doha nzima nilikuwa najitambulisha kama Mswahili wa Mombasa ili nisiulizwe maswali. Nilibonyeza. Tukajibu yaliyobaki, ikatokea alama ya kijani, na yeye akasema shukran, akaenda kumwangalia farasi mwenye kikohozi. Hatukulitaja tena jambo lile kwa msimu mzima, na mwaka uliofuata vilevile.

Sheria ilikuja kama ilivyosemwa. Hesabu ya sensa ilipotangazwa, kijiji kilipungukiwa na mtu mmoja. Mmoja tu. Uchaguzi ulipofika vijiji vingine vilichagua mabaraza yao, wao hawakuitishiwa. Ufunguo wa chumba ulirudishwa kwa meya. Kwaya iliendelea kidogo, ikafa. Kibao cha lugha mbili kilibaki, na nadhani kinaumiza zaidi kwa kubaki. Mwaka mmoja baadaye saa za Kijerumani zilifutwa kwenye chekechea, na hapakuwa na mtu wa kuulizwa.

Fomu hazikuwa na majina, basi hakuna aliyejua ni nani. Lakini kila mtu alijua ni nani. Nani mwingine? Aandikaye jina lake analichimbia, si ndiye aliyesema? Hawakumtukana. Kwetu hatutukani, na kumbe kwao pia ni hivyo. Walimpisha tu. Dukani walikatisha mazungumzo alipoingia. Kanisani benchi lake likawa na nafasi. Naye, Daktari aliniambia, alijitetea mara moja akasema, "Mimi niliandika," wakamjibu kwa upole, "Sawa, mama," na upole ule ukamnyamazisha.

Simu za Alhamisi ziliendelea. Nilizisikia. Sikuelewa neno, ila nilisikia jinsi sauti ya mama ilivyopungua mwaka kwa mwaka mpaka Daktari akawa anasogeza simu sikioni. Akikata simu alitazama nje dirishani, barabara zikichimbuliwa, duwari, ile mizunguko ya barabarani, moja baada ya nyingine ikigeuzwa makutano ya taa, na mimi niliendesha. Nilimkasirikia. Nakiri hivyo kwa sababu nilimpenda pia. Nilikuwa nasema moyoni, mtu huyu anamwandikia farasi HAKUNA mara nne, na mama anayemtunzia ufunguo ameshindwa kumwandikia neno moja.

Siku moja nilimwambia. Tulikuwa Umm Salal, tumeegesha kivulini tukisubiri mwenye shamba.

"Daktari, yule mama si wa kulaumiwa. Wewe unajua, na mimi najua."

Hakukasirika. Alisema majira ya joto yaliyopita alijaribu. Alisimama mbele ya watu baada ya ibada akasema, ni mimi niliyeacha. Walicheka. Wewe? Wewe uliyetuchosha kwa kugonga milango? Wakampiga begani, wakasema ana moyo mzuri wa kumkinga jirani. Alivyozidi kusema ndivyo walivyozidi kumsifu.

"Nilipumua, Dereva," alisema. "Waliponikatalia, nilipumua. Hilo ndilo siwezi kujisamehe."

Kisha akaniomba barua. Kwao hawatamwamini yeye, ila mtu wa mbali, asiye na ndugu wala ugomvi pale, aliyeshika kipanya mwenyewe, huyo wataamini. Niliandika usiku ule ule? La, niliandika pale pale, juu ya usukani, kwa karatasi ya daftari lake, kwa Kiingereza, maana mwalimu wa kijiji alikisoma. Nakumbuka nilichoandika. Kwamba mimi ni dereva, kwamba swali la kabila liliachwa tupu katika fomu ya Daktari, kwamba aliyesema liachwe ni yeye na aliyebonyeza ni mimi. Kwamba mama huyu alikuwa ameandika lake siku kadhaa kabla, na nilimsikia akisema hivyo kwenye simu, Daktari akinitafsiria. Nilipofika mwisho sikujua niufungeje, nikafunga kwa maneno ya wazee wa kamati ya Kibra. Namjua huyu. Ni wenu.

Nikaweka jina langu kamili, na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu nitue Doha, nikaandika Mnubi, wa Kibra. Juu, palipokuwa pa jina la anayepelekewa, Daktari aliniambia niache.

"Umeacha kisanduku," nilimwambia.

"Cha muda," alisema. "Nitaandika mwenyewe jina la mama, nikiwa mbele yake. Kisha atanishika mkono twende kanisani lisomwe."

Mara ya mwisho nilimwona msimu uliofuata, na haukuwa msimu, zilikuwa siku nne. Alikuja kukabidhi kazi kwa daktari mpya, kijana aliyechora kwenye kompyuta. Nilimpeleka uwanja wa ndege alasiri. Alikuwa na sanduku moja. Wasswa alimfungulia geti akasimama wima kumpigia saluti, naye alishuka garini akamshika mkono, akamsalimia kwa Kiswahili kirefu, hujambo, habari ya nyumbani, watoto hawajambo, mpaka Wasswa akapotewa na maneno.

Tulisimama kwenye kibanda cha karak, Muaither. Nilipiga honi, vikombe viwili vikaja. Aliyekuwa na habari ni yeye.

"Nilifika nyumbani Jumanne," alianza. "Alikuwa mgonjwa, ila si sana. Alinipa ufunguo wangu na barua zangu. Nikasema moyoni, Jumapili, baada ya ibada, watu wote wakiwepo. Ni vizuri wote wawepo." Alikunywa chai. "Alifariki Ijumaa."

Nilizima injini.

"Mazishini tulikuwa watu sita. Padri aliuliza kama kuna anayetaka kusema neno. Barua ilikuwa hapa." Aligusa mfuko wa shati.

"Ukasema?"

"Sheria inaniruhusu kunyamaza," alisema, na uso wake ulikunjamana kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, si kwa binadamu wala kwa mnyama. Alilia bila sauti, mikono chini, vile vile alivyokuwa anasimama mbele ya farasi. Nilitaka kumkaripia. Nilikuwa nayo maneno, nilikuwa nimeyaweka miaka. Nikajikuta nimeweka mkono kwenye bega lake na nampa pole kwa Kinubi, na alielewa.

Akaitoa barua. Ilikuwa imekunjwa mara nne, haijasomwa na mtu, kingo zimelainika kwa jasho. Aliikunjua juu ya dashibodi, akapapasa mifuko mpaka akapata kalamu, ile nyeusi. Alikaa akiitazama nafasi ya juu, mahali pa jina. Nilidhani ataandika jina la mama. Nilitamani sana aandike.

Aliandika kwa herufi kubwa, taratibu: HAKUNA. Akapuliza wino, akangoja ukauke, akanipa barua mimi. Tulikuwa tumechelewa, nikawasha gari nikampeleka.